Limi Alipotuamkia

Mume wangu Yunusi alikuwa na swali. Alikuwa nalo tangu tulipovuna ufuta, akalilea kama mtu anavyolea jipu, na kila alipokutana na mtu njiani alilitoa kidogo, akalitazama, akalirudisha. Swali lenyewe lilikuwa fupi: hawa wafugaji wataondoka lini? Aliposikia wagombea wawili wa udiwani wataletwa pamoja uwanja wa shule hapa Marambo, wakae meza moja waulizwe na wananchi, alifua kanzu yake mwenyewe. Katika ndoa yetu yote sijawahi kumwona Yunusi akifua kitu.

Nami nilikuwa upande wake, nisijifanye malaika. Ng'ombe wa Masanja, mmoja wa wafugaji hao, waliingia kwenye ufuta wangu ukiwa umekaribia kukatwa, na nasema wangu kwa sababu shamba ni langu. Sisi Wamwera ardhi inashuka kwa mama. Bibi alimpa mama, mama akanipa mimi, na mimi nitampa binti yangu Amna. Yunusi alikuja kuoa na jembe lake begani, akakaribishwa. Analima vizuri, simnyimi haki yake, lakini kwenye habari za mpaka hasemi neno bila kunitazama kwanza.

Sasa shamba hilo ndilo lililokuwa mfupa kooni. Linaanzia bondeni, walikojenga wale Wasukuma waliokuja na mifugo yao kutoka kanda ya ziwa, na linapanda mpaka karibu na bwawa. Ng'ombe lazima anywe. Kutoka bondeni kwenda bwawani hakuna njia, kila upande ni mikorosho ya mtu, au ufuta, au mihogo. Basi ng'ombe wanapita wanapopita, na wakipita wanakula. Kila mtu alijua kwamba njia ikipatikana wafugaji watakaa na ugomvi utapoa, na isipopatikana watafukuzwa. Kila mtu alijua pia kwamba njia fupi kuliko zote ni ukingo wa shamba langu, kutoka chini hadi juu. Hakuna aliyenitamkia. Watu walikuwa wanapita nyumbani, wanasalimia, wanasifia mikorosho yangu, wanautazama ule ukingo, wanaaga. Nami nilikuwa nawaaga vizuri sana.

Siku ya mkutano tuliacha korosho zimelala chini ya miti. Mkulima wa huku akiziacha korosho chini mwezi wa kumi, ujue kuna jambo. Watu walitoka Ruponda kwa baiskeli, na wengine walikuja kwa bodaboda kutoka Nkowe, upande wa Ruangwa, ambao hata kura hawapigi kwetu. Walikuja kusikiliza kwa sababu ng'ombe hawajui mpaka wa wilaya, na likiamuliwa kwetu leo, kesho litaamuliwa kwao. Wanaume walikaa kwenye madawati ya darasa la saba, magoti yamefika kidevuni. Sisi wanawake tulitandika khanga chini, kwenye kivuli cha madarasa. Wasukuma walisimama mbali kidogo, karibu na vyoo vya shule, wanaume wameegemea fimbo zao, wake zao wamejipanga nyuma. Sijapata kuona watu wengi namna ile mahali pamoja pasipo msiba wala ngoma. Nilimwambia Amna, aliyekuwa ameketi kando yangu na mtoto wake mgongoni, kwamba kumbe sisi ni wengi kiasi hiki, na nilihisi kitu kama hofu.

Mwongozaji alikuwa mwalimu Habibu, aliyestaafu zamani lakini bado anatutazama wote kama tumechelewa namba. Alitangaza utaratibu: kila mgombea atasema, kisha wenye maswali watapanga foleni mbele ya kipaza sauti, mmoja mmoja, bila matusi.

Wa kwanza kusema alikuwa Rashidy, mfanyabiashara mwenye lori, mtu wa maneno matamu na miwani ya jua ambayo haivui hata akiingia ndani. Alisifia ardhi yetu, akasifia jasho letu, kisha akaleta kile alichojua tunakitaka.

"Mkinipa kura zenu," alisema, "kabla mvua za kwanza hazijakata, hakuna ng'ombe hata mmoja atakayebaki kwenye bonde lile. Watarudi walikotoka. Hiyo siyo ahadi, ni taarifa."

Uwanja ulilipuka. Wanaume waligonga madawati. Nami nilipiga makofi, nikamwona Yunusi amenyanyuka, kanzu inang'aa, anaenda kwenye foleni kabla hata foleni haijaitwa.

Mgombea wa pili alikuwa Dafrosa. Alikuwa muuguzi wa zahanati miaka mingi, na anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Alisema wakulima wana haki na wafugaji wana haki, na jambo hili linataka watu wakae chini. Walimzomea. Kijana mmoja alipaza sauti kwamba sisi tumekaa chini tangu asubuhi na makalio yanatuuma, watu wakacheka, na Dafrosa akasubiri wamalize kucheka, akarudi kwenye kiti.

Foleni ilipoitwa, ikaonekana kwamba mbele ya Yunusi ameshasimama mtu. Alikuwa Limi, mke wa Masanja.

Mimi Limi namjua kutoka kwenye pampu ya maji. Siku ya kwanza alipofika pale alitua ndoo, akaja mbele yangu, akapiga magoti. Nilidhani ameangusha kitu. Nikaanza na mimi kutafuta chini, tukawa tunatafuta wote wawili, yeye hajui tunatafuta nini. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba ile ni salamu. Kwao mwanamke humwamkia mkubwa wake kwa magoti, na hainuki mpaka aitikiwe. Tulizoea. Anapiga goti, naitikia, anainuka, tunasukuma pampu kwa zamu. Wanawake wote wa pampu wanalijua hilo. Wanaume wetu, ambao maji huyaona yakiwa tayari kwenye mtungi, hawakuwa na habari.

Limi alipokea kipaza sauti kutoka kwa mwalimu Habibu. Alikigeuza mkononi, kisha akageuka akampa Yunusi amshikie, kama mtu anavyompa mwenzake ndoo afunge kilemba vizuri. Akavua ndala zake. Akatembea mpaka mbele ya meza ya wagombea, akaipa mgongo ile meza, akatutazama sisi, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamooni baba zangu," alisema. "Shikamooni mama zangu."

Kisha akainamisha kichwa, akanyamaza.

Rashidy alicheka kwa upole wa kisiasa. "Mama, inuka, inuka. Usinipigie magoti mimi, mimi ni mtumishi tu. Ombi lako nimelisikia, lakini sheria ni sheria." Alikuwa anauambia mgongo. Watu wachache walicheka, wakaona wako peke yao, wakaacha.

Limi hakuinuka.

Kwetu mtu mzima akipiga magoti mbele ya halaiki, ni mawili: anaomba radhi au anaapiza. Na huyu hakuwa ameomba radhi. Kando yangu alikaa Sofia, mama wa Ruponda ambaye hajawahi kuchota maji nasi. Alinishika mkono. "Anatuapiza," alininong'oneza. "Anaiapiza ardhi." Mbele yetu wazee walianza kusogeza madawati nyuma. Mwanamke mmoja aliwavuta wajukuu zake akawafunika na khanga. Yule kijana wa makalio alikuwa kimya, mdomo wazi.

Nilitaka kuwaambia kwamba hii ni salamu tu, jamani, inataka neno moja. Neno lilinifika hapa kooni. Nikatazama wenzangu wa pampu, mmoja baada ya mwingine, nikaona kila mmoja neno limemfika palepale, na kila mmoja amelizuia. Tulikuwa tunajua jambo moja ambalo wanaume hawakulijua: ukimwitikia, umekubali kwamba wewe ni mama yake. Pampuni haina neno, pale tupo wanawake na ndoo zetu. Lakini hapa, mbele ya umma wote, ukishakubali u mama yake, utampigiaje makofi mtu anayemfukuza? Na asipofukuzwa, ng'ombe wake watapita wapi? Mimi zaidi ya wote nilikuwa na sababu ya kufunga mdomo.

Basi tulinyamaza. Nimekaa kwenye mazishi, nimekaa kwenye dua za mvua, lakini kimya cha namna ile sikijui. Watu wale wote, na uliweza kusikia spika ikinguruma peke yake na kuku wa mwalimu mkuu wakichakura nyuma ya darasa. Jua lilikuwa linampiga kisogoni. Vumbi lilikuwa limeshika jasho la miguu yake. Hakutikisika wala hakulia, na hakutazama juu kuona kama tunamwonea huruma. Alikuwa anasubiri tu, kwa adabu, kama vile ana hakika kwamba watu wazima kama sisi hatuwezi kukosa adabu ya kuitikia salamu. Wagombea wawili wenye mabango na spika walikuwa wameshindwa kutunyamazisha tangu asubuhi, na huyu alitunyamazisha kwa magoti.

Hapo ndipo Yunusi alipofanya alilolifanya.

Mume wangu ana hasira, lakini alilelewa. Mama yake alikuwa anamchapa akipita mbele ya mtu bila kusalimu, na zaidi kama amesalimiwa akauchuna. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa Limi, na nadhani alisahau wapi yupo. Alijisemea chini chini, kwa mazoea, kama anavyoitikia watoto wa jirani.

"Marahaba."

Alikuwa amekishika kipaza sauti karibu na kidevu. Ile marahaba ilitoka kwenye spika zote mbili, ikagonga ukuta wa madarasa, ikarudi. Yunusi mwenyewe aliruka. Alikitazama kile chombo kama kimemng'ata.

Mzee mmoja wa dawati la mbele akasema marahaba. Akafuata wa pembeni yake. Kisha ikaja kutoka pande zote, nzito, isiyopangwa, wanaume na wanawake, na nikasikia sauti yangu imo. Sikumbuki kuamua. Machozi yalinitoka na sikujua ni ya nini.

Limi aliinuka. Alipangusa magoti, akavaa ndala zake, akamwendea Yunusi akachukua kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Asanteni wazazi," alisema. "Mimi ni Limi, mke wa Masanja. Nimejiandikisha hapa, jina langu lipo pale ubaoni, nililiona mwenyewe. Huyu baba anaomba kura yangu. Tena anasema nikimpa, ataniondoa. Mimi sibishani na wakubwa. Nauliza tu nielewe. Hiyo siku, nianze na lipi? Nipige kura kwanza ndiyo nifunge mizigo, au nifunge mizigo kwanza ndiyo nije kupiga kura?"

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa swali la kuchekesha, na siku nyingine uwanja ungeangua kicheko, lakini alilisema bila kejeli yoyote, kama mgeni anayeuliza njia ya kwenda zahanati. Rashidy alivua miwani. Ndipo nikaona kwamba ana macho ya mtu wa kawaida kabisa, tena yamechoka.

"Mama, hilo ni suala la kitaalamu," alisema. Akanywa maji. "Tutaunda kamati." Akatazama foleni, akamwona Yunusi, akapata nafuu. "Mzee Yunusi, wewe ndiye muathirika mwenyewe. Hebu uliza swali lako, wananchi walisikie."

Yunusi alichukua kipaza sauti, akakiweka mbali na mdomo, maana sasa anakiogopa.

"Swali ninalo," alisema. "Nimelala nalo, nimeamka nalo. Lilikuwa, hawa wataondoka lini. Lakini mmenisikia wote, nimeshamwitikia. Mtu umwambie marahaba, kisha umwambie toka? Mama yangu atafufuka anichape." Sasa watu walicheka, kicheko cha kushusha pumzi. "Kwa hiyo nina lingine. Nawauliza wagombea wote wawili. Ng'ombe wapite wapi?"

Rashidy alisema kamati italiangalia hilo pia.

Dafrosa alisimama. "Sijui," alisema kwa ile sauti yake ya wodini, na watu waliinama mbele ili wamsikie. "Njia moja naijua, na ninyi mnaijua. Lakini siyo yangu kuitoa. Nikiwaahidi hapa, nitakuwa nawaahidi mali ya mtu."

Sijawahi kumsikia mtu anayetaka kura akisema hajui. Hata mwalimu Habibu alimgeukia, kama mwanafunzi wa nyuma kabisa amepata jibu.

"Wala siyo yangu," alisema Yunusi. "Mimi pale ni mkwe." Na akanitazama.

Ningekuwa na kiatu ningemtupia. Uwanja wote uligeuka. Nyuso zile zote nilizozishangaa asubuhi kwa wingi wake, sasa zilinitazama mimi, Ashura, niliyekaa juu ya khanga na miguu nimeinyoosha. Wasukuma kule mbali walisogea mbele kidogo. Masanja alishusha fimbo yake.

Nilimkumbuka mama. Ule ukingo aliusafisha kwa mikono yake, visiki vyote vile, na alipokuwa anakufa aliniambia nisipunguze. Nikamgeukia Amna, maana nikipunguza, ni chake ninachokipunguza.

"Amna, unasemaje?"

Binti yangu alimweka mtoto vizuri mgongoni. "Shamba ni lako, mama," alisema polepole. "Ukinipa pungufu nitapokea pungufu. Sitakulaumu."

Nikamtazama Limi. Nilidhani atapiga magoti tena, na kusema kweli nilitamani apige, kwa sababu angeniomba ningekuwa na kitu cha kumnyima. Hakupiga. Salamu ilikuwa imekwisha. Alisimama wima, akanitazama usoni, akasubiri kama alivyosubiri mwanzo. Alinichukulia kuwa mtu mkubwa, na mimi nikaona aibu ya kuwa mdogo mbele yake.

Nilisimama. Mwalimu Habibu alinyoosha kipaza sauti, nikamwonyesha kwa mkono kwamba sikihitaji.

"Ufuta wangu uliliwa," nilisema. "Sijasahau na sitasahau, msinipakazie utakatifu. Limi, ng'ombe wako akitoka nje ya njia, sitakwenda kwa mtendaji wala kwa Masanja. Nitakuja kwako."

"Ndiyo," alisema Limi.

"Njia ni ule ukingo wote, kutoka bondeni mpaka bwawani. Nitaikata mwenyewe kwa panga langu, mtu asinikatie." Nikaigeukia meza. Rashidy alikuwa amefungua mdomo, tayari kunishukuru kwa niaba ya kampeni yake, na Dafrosa alikuwa ameshika kalamu. "Na ninyi wawili, njia hii msiitaje kwenye mikutano yenu. Hakuna aliyeiahidi. Nimeitoa mimi, mwanamke wa hapa, kumpa mwanamke mwingine wa hapa."

Rashidy alifunga mdomo. Dafrosa aliiweka kalamu mezani.

"Nimesikia, mayu," alisema Limi, na neno hilo la kwao sikuhitaji mtu anitafsirie kuwa ni mama. Nilikaa. Hakuna aliyepiga makofi. Uwanja ulikuwa umenyamaza tena, kimya kilekile, na safari hii kilikuwa changu, na nilikiogopa.